Haile Selassie na saa ya Geneva: Maisha ya mfalme aliyekimbia, akarejea na kupinduliwa

SURA yake yafahamika Kibera na Kawangware pengine kuliko ya kiongozi mwingine yeyote wa kigeni aliyefariki zamani. Imechorwa ubavuni mwa matatu, kwenye kuta za vinyozi na kwenye fulana zinazouzwa kando ya barabara: mwanamume mwembamba mwenye ndevu, macho makali na nishani kifuani, huku simba wa Yuda akiwa kando yake.

Wafuasi wa Rastafari humwabudu. Imani hiyo iliwahi kufikishwa mahakamani kutoka Kibera kwenyewe. Mnamo 2019, mwanafunzi wa shule moja ya sekondari mtaani humo alirudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele zake za rasta. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliamua kwamba Rastafari ni dini kama dini nyingine na kuagiza mwanafunzi huyo aruhusiwe kuendelea na masomo.

Hata hivyo, ni wachache kati ya wanaotazama picha hiyo wanaojua kisa cha saa ya mkono iliyowahi kuwa mali ya mfalme huyo. Ni saa ndogo ya dhahabu iliyotengenezwa Uswisi, na mnamo Novemba 2017 ilinunuliwa mnadani mjini Geneva kwa karibu faranga milioni 2.9 za nchi hiyo, yaani takriban Sh300 milioni kwa viwango vya wakati huo.

Mtu anaweza kushangaa kwamba chombo kinachoenea kiganjani kinaweza kuuzwa kwa bei ya majumba. Lakini fundi wa saa anayeketi nyuma ya kijisanduku chake cha kioo sokoni hashangai sana. Kazi yake ya kila siku ni kubadilisha betri na mikanda. Mara moja moja, hata hivyo, huletewa saa ya aina nyingine: nyembamba, uso wake umeanza kugeuka rangi, haina betri, nayo aliiacha babu. Anaifungua, anaipuliza vumbi, anaitia mafuta kidogo na kuitia ufunguo, nayo inaanza tena kugonga kana kwamba mwenyewe aliivua jana.

Huo ndio mvuto wa saa za Uswisi za miaka ya 1950. Ndani yake mna utepe wa chuma uliokunjwa. Mtu anapozungusha kifundo kilicho ubavuni, utepe huo hujikaza, kisha hujilegeza polepole na kusukuma magurudumu ya meno. Gurudumu jingine, linalopigapiga huku na huku, huzuia nguvu hiyo isitoke yote kwa mara moja. Hakuna umeme hata chembe. Saa isipotiwa ufunguo husimama, na ikitunzwa huweza kupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana na mjukuu.

Saa ya Haile Selassie ni ya ukoo huo, ila ilikuwa katika daraja la juu kabisa. Ili kuelewa jinsi ilivyomfikia, ni sharti turudi mwanzo wa maisha yake.

Alizaliwa Julai 23, 1892, Ejersa Goro, karibu na mji wa Harar mashariki mwa Ethiopia, akaitwa Tafari. Baba yake, Ras Makonnen, alikuwa binamu ya Mfalme Menelik II na mmoja wa majemadari waliowashinda Wataliano katika vita vya Adwa mwaka 1896. Mama yake, Yeshimebet, alifariki mtoto akiwa hajafikisha miaka miwili. Ras Makonnen naye aliaga dunia mnamo 1906, na Tafari akawa yatima kamili akiwa na umri wa miaka 13.

Kijana huyo alilelewa katika kasri la Menelik, mahali ambapo aliyezungumza sana hakudumu. Alijifunza kunyamaza, kusubiri na kuhesabu. Mnamo 1910 aliteuliwa gavana wa Harar, cheo alichowahi kushika babake, na mwaka uliofuata akamwoa Menen Asfaw, mke aliyeishi naye hadi alipofariki mnamo 1962.

Menelik alipofariki mnamo 1913, mjukuu wake Lij Iyasu alishika hatamu lakini akawakosana na wakuu wa kanisa na makabaila. Aliondolewa mamlakani mnamo 1916. Binti ya Menelik, Zewditu, alitawazwa malkia, naye Tafari akafanywa msimamizi wa ufalme na mrithi wa kiti. Kwa miaka 14 aliendesha serikali bila ya kuvaa taji.

Katika kipindi hicho aliiingiza Ethiopia katika Ligi ya Mataifa, mnamo 1923. Makao makuu ya ligi hiyo yalikuwa Geneva. Tafari aliamini kwamba nchi ndogo ikikaa meza moja na wakubwa na kutia sahihi mikataba yao, itakuwa salama. Kwa imani hiyo jina la mji wa Geneva liliingia katika maisha yake na halikutoka tena.

Zewditu alifariki mwaka 1930, na Novemba 2 mwaka huo Tafari akatawazwa kuwa Mfalme wa Wafalme. Alichukua jina lake la ubatizo, Haile Selassie, maana yake Nguvu ya Utatu. Ni sherehe hiyo iliyowafanya baadhi ya watu weusi nchini Jamaika kuamini kwamba aliyetabiriwa amefika, na kutokana na jina lake la awali, Ras Tafari, dini yao ikapata jina. Mwaka 1931 aliwapa raia wake katiba ya kwanza iliyoandikwa, ingawa mamlaka yote yalisalia mikononi mwake.

Oktoba 1935, majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia bila kutangaza vita. Yalitumia ndege na gesi ya sumu dhidi ya wapiganaji ambao wengi wao walibeba bunduki kuukuu na mikuki. Mfalme mwenyewe aliongoza jeshi lake vitani Maychew mwanzoni mwa 1936, akashindwa. Mei 2 aliondoka Addis Ababa kwa garimoshi kuelekea Djibouti, na siku tatu baadaye Wataliano wakaingia mjini humo.

Juni 30, 1936, alisimama mbele ya Ligi ya Mataifa mjini Geneva. Waandishi wa habari kutoka Italia walimzomea na kupiga mbinja hadi wakatolewa nje. Alizungumza kwa Kiamhari, akaeleza jinsi sumu ilivyonyunyiziwa watu na mifugo, na kuonya kwamba lililoifika nchi yake lingeyafika mataifa mengine. Wajumbe walimsikiliza, na siku chache baadaye wakapiga kura ya kuiondolea Italia vikwazo vya kiuchumi.

Uswisi, nchi mwenyeji wa ligi hiyo, ilitambua utawala wa Italia nchini Ethiopia kabla ya mwaka huo kuisha. Kisheria, mbele ya Waswisi, Haile Selassie hakuwa mfalme tena.

Alikwenda kuishi Bath, Uingereza, katika nyumba iliyoitwa Fairfield. Majira ya baridi yalikuwa makali, na fedha zilipungua hadi akalazimika kuuza baadhi ya vyombo vyake vya fedha ili kukimu jamaa na watumishi aliofuatana nao. Alikaa huko miaka minne, akiandika barua kwa serikali ambazo nyingi hazikuwa na haja naye.

Mambo yaligeuka Juni 1940, Italia ilipojiunga na vita upande wa Ujerumani. Waingereza walimkumbuka ghafla mfalme aliyekuwa Bath. Walimsafirisha hadi Khartoum, na Januari 20, 1941, akavuka mpaka wa Sudan na kukanyaga tena ardhi ya nchi yake.

Hapa ndipo historia yake inapokutana na historia ya Nairobi. Alipokuwa akipanda milima kutoka magharibi pamoja na wapiganaji wazalendo, jeshi jingine lilikuwa likipanda kutoka kusini, kutoka Kenya. Ndani yake walikuwamo askari Waafrika wa King's African Rifles (KAR), wakiwa bega kwa bega na wenzao kutoka Afrika Magharibi na Afrika Kusini. Walipita Somalia, wakafika Harar, alikokulia Tafari, na Aprili 6, 1941, Addis Ababa ikatekwa. Mfalme aliingia mji wake mkuu Mei 5, miaka mitano kamili tangu Wataliano walipouingia.

KAR ndilo jeshi lililoanzisha Kibera. Mapema katika karne ya 20, serikali ya kikoloni iliwapa askari wake Wanubi wenye asili ya Sudan zaidi ya ekari 4,000 za msitu kando ya Nairobi. Wao waliuita Kibra, yaani msitu. Waliruhusiwa kujenga, kulima na kufuga, lakini hawakupewa hati ya kumiliki. Askari waliorejea kutoka vita vya Ethiopia walikuta hali ni ile ile: ardhi wanayo, karatasi hawana.

Nchini Ethiopia, mfalme alirejea kazini kwa kasi. Alipiga marufuku utumwa mnamo 1942, akafungua shule na, mnamo 1950, chuo kikuu cha kwanza. Kufikia 1954 alikuwa amekuwa kiongozi Mwafrika anayefahamika zaidi duniani. Mwaka huo alifanya ziara ndefu ya Marekani, Canada na nchi nyingi za Ulaya. Mwishoni mwa Novemba alifika Uswisi.

Waswisi walimpokea kwa gwaride na karamu. Waliokuwa wamemfuta katika orodha ya wafalme miaka 18 awali walimwalika sasa kama mgeni wa taifa, na zawadi waliyompa ilikuwa saa ya mkono kutoka kwa kampuni ya Patek Philippe ya Geneva.

Kampuni hiyo yenyewe ilianzishwa mwaka 1839 na mkimbizi, Antoni Patek, mwanajeshi kutoka Poland aliyeihama nchi yake baada ya maasi dhidi ya Urusi kuzimwa. Baadaye alishirikiana na fundi Mfaransa, Adrien Philippe, aliyebuni njia ya kuitia saa ufunguo kwa kuzungusha kifundo badala ya kutumia ufunguo wa pembeni. Kwa miaka mingi wateja wao walikuwa wafalme, malkia na matajiri.

Saa aliyopewa Haile Selassie ni ya toleo nambari 2497, ambalo kwa jumla halikufikia saa 200. Ina upana wa takriban milimita 37, dhahabu ya karati 18 na uso mweusi. Yapo madirisha mawili madogo ya siku na mwezi, duara la tarehe, na tundu la kuonyesha mwezi wa angani unavyoandama na kupungua. Mgongoni imechorwa nembo ya mfalme.

Ajabu yake kubwa imefichika ndani. Kalenda yake inajua kwamba Aprili ina siku 30 na Mei 31, na inajua hata mwaka mrefu, ambapo Februari huwa na siku 29. Hayo yote hufanywa na vipande vya chuma vyembamba kama kucha, kimojawapo kikichukua miaka minne kukamilisha mzunguko mmoja. Ikitiwa ufunguo bila kukosa, haihitaji kurekebishwa tarehe hadi Machi 1, 2100.

Lakini kalenda hiyo haikuwa ya nchi ya mfalme. Mwaka wa Ethiopia una miezi 13: miezi 12 ya siku 30 kila mmoja, na mwezi mdogo wa siku tano au sita. Mwaka mpya huanza Septemba, na hesabu ya miaka iko nyuma ya ile ya Ulaya kwa miaka saba au minane. Saa nazo Waethiopia huzihesabu kama sisi Waswahili, tangu jua linapochomoza. Mshale wa saa hiyo ulipoonyesha saba asubuhi, raia wa mfalme, sawa na mkazi wa Kawangware, alisema ni saa moja.

Kwa hiyo mfalme alipoitazama saa hiyo aliona tarehe ya Geneva, si ya Addis Ababa. Baadhi ya wanaosimulia maisha yake wangesema hilo ndilo lililokuja kumponza, kwamba jicho lake lilielekea nje kuliko ndani. Kauli hiyo ina ukweli, ingawa si ukweli wote.

Huko nje alifanya mengi. Mei 25, 1963, aliwakutanisha viongozi wa nchi huru za Afrika mjini Addis Ababa, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ukazaliwa. Mwaka 1964 alizuru Nairobi na kupokewa na Mzee Jomo Kenyatta, rafiki aliyetiana naye mkataba wa kusaidiana kiulinzi. Barabara moja kuu ya jiji letu ina jina lake hadi leo. Aprili 1966 alizuru Jamaika, ambako umati wa Marasta ulilizingira ndege yake hata akasita kushuka.

Ndani ya nchi, mambo yalikwenda pole. Mkulima wa kusini aliendelea kulima shamba la kabaila na kumpa sehemu kubwa ya mavuno. Jaribio la mapinduzi la Desemba 1960, alipokuwa Brazil, lilizimwa, lakini sababu zake hazikuondolewa. Eritrea, aliyoifuta kama jimbo lenye mamlaka yake mnamo 1962, ilitumbukia vitani.

Kisha ikaja njaa ya Wollo. Kati ya 1972 na 1974, makumi ya maelfu ya watu walifariki kaskazini mwa nchi huku maafisa wakificha habari hizo. Mwandishi Mwingereza Jonathan Dimbleby alizifichua kwa filamu mnamo 1973. Usiku wa Septemba 11, 1974, siku ya mwaka mpya wa Ethiopia, wanajeshi waliirusha filamu hiyo kwenye televisheni ya taifa, picha za watu wanaokufa kwa njaa zikichanganywa na za karamu za kasri.

Asubuhi iliyofuata walimsomea mfalme tangazo la kumwondoa, wakampakia kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo aina ya Volkswagen na kumpeleka kizuizini. Alikuwa na umri wa miaka 82. Baraza la wanajeshi, Derg, lilitaifisha majumba na mali za familia yake, na Novemba mwaka huo likawapiga risasi takriban maafisa 60 wa zamani. Lilidai pia kwamba mfalme ameficha mabilioni katika benki za Uswisi, na likamshinikiza azirejeshe. Mabilioni hayo hayakuwahi kuonyeshwa.

Agosti 27, 1975, ilitangazwa kwamba amefariki kutokana na maradhi. Baada ya Derg kuanguka mnamo 1991, waendesha mashtaka walieleza mahakamani kwamba aliuawa kitandani mwake. Mifupa yake ilipatikana mwaka 1992, imezikwa chini ya sakafu katika uwanja wa kasri. Alizikwa kwa heshima Novemba 5, 2000, katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, Addis Ababa.

Wakati huo huo, saa za aina yake nusura ziangamie. Mwishoni mwa 1969, Wajapani walianza kuuza saa ya mkono ya betri iliyokuwa sahihi kuliko saa yoyote ya magurudumu, na baada ya muda saa hizo zikawa za bei nafuu. Wafanyakazi wa viwanda vya saa Uswisi, waliokuwa takriban 90,000 mwaka 1970, walipungua hadi karibu thuluthi moja katikati ya miaka ya 1980. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba saa ya kutia ufunguo imekwisha. Badala yake ilipata wapenzi wapya, watu wasiotafuta usahihi, kwani simu zao zinao, bali kazi ya mkono na kumbukumbu ya aliyeivaa.

Ndipo saa ya Haile Selassie ilipojitokeza hadharani. Mnamo Novemba 2015, kampuni ya Christie's iliiorodhesha katika mnada wake wa Geneva, ikitarajia hadi faranga milioni moja. Wazao wa mfalme walijitokeza kupinga, wakihoji uhalali wa umiliki wake, na kampuni hiyo ikaiondoa mnadani. Ilirejeshwa miaka miwili baadaye, na bei ikapanda hadi karibu mara tatu ya makadirio hayo.

Anayenunua vitu vya mtumba Toi au soko la Kawangware anaifahamu vyema hali hiyo. Kabla ya kuuliza bei ya simu au saa iliyotumika, mtu mwangalifu huuliza ilitoka wapi na kama ina risiti. Saa ya magurudumu huweza kutengenezwa upya, kioo kubadilishwa na uso kupakwa rangi, lakini fundi mwaminifu atakwambia kwamba kila kipande cha asili kinachotolewa huipunguzia thamani. Kinachouzwa ni historia, na historia ina mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 2017, Wanubi wa Kibera walipokea hati ya pamoja ya kumiliki ardhi. Ilikuwa ya ekari 288, kati ya zaidi ya 4,000 walizopewa wazee wao. Walikuwa wameingoja kwa zaidi ya miaka 100, kizazi baada ya kizazi, na wengi wa wale waliovaa sare ya KAR hawakuishi kuiona.

Haile Selassie alijua pia uzito wa kungoja. Alingoja taji kwa miaka 14, akangoja kurejea kwao kwa mitano, na mifupa yake ikangoja kaburi kwa miaka 25. Waliomrudisha Addis Ababa mnamo 1941 hawakuchorwa ubavuni mwa matatu, wala hakuna aliyewapa saa ya dhahabu. Lakini huenda katika kabati fulani Kibera, ndani ya kitambaa, imelala saa ya babu iliyosimama zamani. Mwenye nayo asiiuze kwa haraka. Aipeleke kwanza kwa fundi, kisha awaulize wazee wa nyumbani ilikotoka, wakiwa bado wapo wa kusimulia.